Maisha ya Kishindo, Fundi Bodi na Hakimu wa Albamu za Hevi Metali

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake marehemu, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kufika. Tumekuja kumzika mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kishindo, na mimi dada yake nimepewa kazi ya kueleza alivyoishi. Nitaeleza taratibu, kwa hiyo kaeni vizuri. Ila mjue mapema kwamba liko jambo moja halijaamuliwa, nalo ni nani atakayeshika jeneza mbele, upande wa kushoto. Marehemu alimtaja mtu. Wanawe wawili wameapa kwamba mtu huyo hatagusa jeneza la baba yao. Mjane yuko katikati, maana mtu huyo ni kaka yake wa pekee. Naomba tukifika mwisho wa maelezo haya tuwe tumeelewana.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, mtoto wa tatu na wa mwisho, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji. Baba yetu alikuwa mvunja mawe machimboni, na kazi hiyo alikuwa akirudi nayo nyumbani. Alipiga milango, alipiga meza, alimpiga mama, na sisi alitupiga kwa kufuata umri, mkubwa kwanza. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na muda wa kusubiri zamu yake huku akisikiliza za wenzake. Nadhani masikio yake yalianza kazi hapo. Kwa mlio tu wa mkanda ukichomolewa kiunoni alikuwa anajua jioni itakuwa ya namna gani, na alikuwa hakosei.

Alianza shule ya msingi Januari 1976. Hesabu aliziweza. Kwaya ilimshinda, mwalimu akamtoa kwa kosa la kuimba kwa hasira. Mwaka 1981, akiwa na miaka kumi na mitatu, dereva mmoja wa lori la kokoto aliyekuwa akiegesha karibu na kwetu alimruhusu akae kwenye kebini wakati yeye anakula. Kwenye redio kaseti kulikuwa na kanda ya hevi metali. Mdogo wangu hakuwahi kusikia kitu kama kile. Magitaa yalisaga kama mashine ya kokoto, mpiga ngoma alipiga kama mtu anayelipiza kisasi, na mwimbaji aliunguruma kama amefungiwa ndani ya tangi. Kanda ilipoisha alishuka, akaokota kipande cha nondo, akalitwanga pipa tupu lililokuwa nyuma ya ghala mpaka ngozi ya viganja ikachanika. Akarudi nyumbani damu inamchuruzika. Baba akamuuliza kapigana na nani, na kabla hajajibiwa akamchapa. Siku hiyo hakulia. Aliniambia, "Dada, kuna watu wamepiga kelele yangu yote, na hakuna aliyeumia."

Sekondari aliishia kidato cha pili, mwaka 1984. Kiranja mmoja alisema muziki ule ni wa vichaa, na marehemu akamvunja pua kwa kifuniko cha dawati. Sisemi alifanya vizuri, nasema ndivyo ilivyokuwa. Kiranja huyo leo ni daktari wa meno. Ametuma rambirambi, na anasema pua inapumua bila shida.

Mwaka 1985 aliingia gereji kujifunza kunyoosha bodi, na hakutoka tena mpaka mwili ulipokataa. Wengine mnadhani fundi bodi ni mtu wa kufukia mikwaruzo. Yeye aliletewa magari yaliyopinduka. Alikata milango iliyokuwa imebana watu, akaosha viti vilivyoganda damu, akaokota jino au kiatu cha mtoto chini ya kiti, akaviweka kando kwa heshima, kisha akashika nyundo. Kazini kwake ndiko yalikotoka maneno yake ya kuhukumu albamu. Albamu ya kujifanya kali aliiita "mkwaruzo wa rangi". Albamu nzuri "imegonga". Albamu bora kabisa, ambazo maishani mwake hazikufika kumi, "zimepondeka mpaka chesisi", yaani mpaka kwenye mifupa ya gari. Hakuvumilia wimbo wa polepole unaoomba radhi. Alikuwa anasema wimbo wa polepole lazima uogopeshe kuliko wa haraka, kama mtu anayekujia anatembea wakati wenzake wote wanakimbia. Wimbo wa kwanza aliupa heshima ukivunja mlango. Ukibisha hodi, alikuwa ameshaanza kukunja uso.

Katika gereji hiyo ndimo alimokutana na fundi injini aliyeitwa Spana. Walipigana siku ya pili ya kujuana, na siku ya tatu wakala pamoja. Kila Jumapili mchana walikaa juu ya mataili na wapenzi wengine watatu wanne wa muziki huo, wakishindanisha albamu mbili, wimbo kwa wimbo, mpaka moja ianguke. Majina ya kwenye majalada yalikuwa ya kigeni na kila mtu aliyatamka kivyake, kwa hiyo albamu walizibatiza kwa picha zake: Kengele, Tingatinga, Mbwa Watatu, Mzee wa Misumari.

Mashindano hayo yalikuwa na sheria moja, nayo naomba muikumbuke. Jumapili muziki haupigwi. Mwaka 1988 waliwahi kuweka redio mbili na kanda mbili kwa wakati mmoja, kila upande unaongeza sauti, mpaka fundi rangi mmoja akapigwa redio ya kichwa akashonwa nyuzi tisa. Tangu hapo marehemu alisema, "Albamu usiyoweza kuibeba kichwani hujaisikiliza." Kila mtu akawa anasikiliza kanda zake nyumbani kwake wiki nzima, na Jumapili anakuja kuzitetea kwa mdomo na kwa vidole. Walipiga ngoma kwenye boneti, wakaigiza magitaa kwa meno. Mpita njia alidhani wamepandwa na mashetani.

Tarehe 17 Agosti 1991 alimuoa dada yake Spana, fundi cherehani. Mara ya kwanza kuonana alikuwa amefika kwa Spana kubishana, wakipiga albamu kwa ngumi mezani, na bibi huyo akamtupia pasi iliyopita sentimita chache na sikio lake, kwa sababu alikuwa anashona na kelele zilimpotezea mstari. Marehemu aliokota pasi, akairudisha mezani, akamuuliza, "Dada, kati ya hizi albamu mbili ipi imekuudhi zaidi?" Akajibiwa, "Ya pili. Ya kwanza angalau inakwenda na cherehani." Alitoka pale amepatikana. Mpaka mwisho alikuwa akimpelekea mkewe albamu mpya ipate hukumu, naye bila kuinua macho anasema, "Hii ya kushonea zipu," au, "Hii itanitoboa kidole." Walijaliwa watoto watatu, wavulana wawili kisha binti.

Sasa nafika kwenye Jumapili ya tarehe 14 Juni 1998. Wengi mmesikia kwamba waligombania fedha, au mwanamke. Waligombania wimbo wa nne wa Kengele.

Marehemu alikuwa mtu wa Tingatinga. Aliisifu kwamba haina wimbo wa kupumzikia upande mzima wa kwanza, na gitaa lake lina kutu. Kengele aliidharau. Alisema ni nzito bila sababu, inatembea na magongo, na mpiga ngoma wake ni mvivu anayesubiri mshahara. Spana alikuwa kinyume chake. Kwake Kengele ilikuwa imepondeka mpaka chesisi, na wimbo wa nne ndio uliokuwa wa haraka kuliko yote iliyowahi kurekodiwa.

"Wa nne?" marehemu akasema. "Ule unaokwenda kama maiti inasukumwa?"

"Shemeji, wewe unaongelea wimbo gani?"

"Huo huo." Akaupiga kwenye boneti kwa ngumi, polepole, dum, na baada ya muda mrefu, dum. Watu wakacheka.

Spana akasogea akaupiga yeye. Vidole vilikwenda kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Hapo unatudanganya," marehemu akasema. "Unaongeza chumvi ili ushinde."

"Mimi nadanganya?"

"Umedanganya kwenye albamu. Mtu anayedanganya kwenye albamu atadanganya kila mahali. Hata kuhusu dada yako ulinidanganya kwamba anajua kupika."

Wengine wakacheka tena, lakini Spana hakucheka. Alimwambia marehemu arudishe neno uongo. Marehemu akaurudia wimbo kwenye boneti, polepole zaidi, huku akimtazama usoni. Spana akamkamata kola. Marehemu akampiga kichwa, pua ikapasuka. Spana akaanguka juu ya benchi la vifaa, mkono wake ukakutana na nyundo ya bodi, ile ya ncha kali, akairusha bila kutazama anarusha nini. Ilimpata marehemu jicho la kushoto. Na marehemu, jicho likiwa tayari linamwagika shavuni, aliinua mtarimbo akaupiga mkono wa kulia wa Spana mara mbili. Mlio wa mfupa ulisikika barabarani. Mtoto mkubwa wa marehemu, wa miaka mitano, alikuwa amefuatana na baba yake siku hiyo. Aliona yote akiwa amesimama juu ya taili.

Jicho halikupona. Mkono uliunga vibaya. Marehemu aliitia kanda ya Kengele kwenye moto wa gereji, akapiga marufuku isitajwe. Spana alihamia gereji nyingine, na kwa karibu miaka ishirini na mitano watu hawa wawili hawakusalimiana. Mjane alikuwa akimtembelea kaka yake kwa kificho kama anayekwenda kuiba. Watoto walikua wakimwona mjomba wao kila walipotazama uso wa baba yao. Marehemu mwenyewe hakuwahi kuwaambia wamchukie. Hakuwahi kuwaambia wasimchukie pia.

Oktoba 2022 alianza kukohoa damu. Vipimo vikaonyesha saratani ya mapafu. Ugonjwa huo haukumnyemelea, ulimpiga mchana kweupe. Ulimvunja mbavu kwa kikohozi tu. Usiku aliuma taulo asiwaamshe wenzake wodini, na asubuhi muuguzi alikuta taulo limechanika. Katikati ya Februari, akiwa amebaki mifupa na ubishi, alimwambia binti yake, "Niwekee ile takataka ya Kengele kwenye simu. Nataka nife nikijua nilikuwa sahihi."

Binti akaitafuta, akaiweka. Walipofika wimbo wa nne, marehemu akakunja uso.

"Hiyo simu inakimbiza."

"Simu haikimbizi, baba. Ndivyo wimbo ulivyo."

"Nimekuwa nikisikiliza hii albamu wewe hujazaliwa. Weka Tingatinga."

Akaweka. Tingatinga ikaja kwa mwendo uleule aliokuwa akiujua miaka yote, hakuna kilichozidi wala kupungua. Kwa hiyo simu ilikuwa nzima. Akaomba Kengele tena, akaisikiliza yote, upande wa kwanza na wa pili. Kisha vifundo vya vidole vyake vikaanza kupiga chuma cha kitanda, na alichokipiga ndicho alichokipiga Spana kwenye boneti.

Hapo ndipo alipoelewa. Aliyemrekodia kanda yake ya Kengele, mwenye duka la kanda, alikuwa ametumia mashine mbovu, na albamu nzima ikatoka inaburuta. Spana alikuwa na kanda nyingine, aliyoletewa na dereva wa masafa marefu. Miaka yote kila mmoja alisikiliza ya kwake, na kwa sheria yao wenyewe hakuna aliyewahi kusikia ya mwenzake. Jumapili ile kila mmoja alipiga kwenye boneti kile alichokisikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Nenda kamwambie mama yako," marehemu akamwambia binti, "amtafute kaka yake."

Spana alifika Ijumaa tarehe 24 Februari, saa ya kuona wagonjwa. Mlangoni mwa wodi alimkuta yule mtoto wa juu ya taili, ambaye sasa ni mpakia mizigo mwenye mabega kama mlango.

"Mjomba, geuka urudi."

"Baba yako ameniita."

"Baba yangu ana jicho moja la kukuitia."

Akampiga ngumi ya mdomo. Spana ni mtu wa miaka sitini. Alikwenda chini, jino likateleza sakafuni mpaka chini ya toroli la dawa, na kijana akamwinamia ampige tena. Marehemu hakuweza kuinuka, lakini alisikia. Alikishika chuma cha kutundikia dripu akakipigiza kwenye kitanda, sindano ikachomoka mkononi na damu ikatapakaa shukani, mpaka wauguzi wakaja mbio. Akasema, "Mwacheni apite. Hatujamaliza."

Spana akaketi kando ya kitanda, leso mdomoni.

"Umezeeka vibaya, shemeji," marehemu akamwambia.

"Na wewe kwa jicho hilo moja unanionaje?"

"Nakuona nusu. Nusu yako inatosha sana."

Binti akawagawia waya wa simu wa kusikilizia, huyu sikio moja na yule sikio moja, wakasikiliza Kengele yote. Ilipokwisha marehemu akatoa hukumu kama walivyozoea juu ya mataili. Upande wa kwanza Kengele inashinda, na wimbo wa nne umepondeka mpaka chesisi. Upande wa pili ni sare.

"Sare kwa lipi?" Spana akauliza. "Wimbo wa saba wa Tingatinga umekopa gitaa la wimbo wa pili. Hilo unalijua."

"Haukukopa. Umelirudia kwa makusudi, ukalivunja katikati. Sikiliza pale ngoma zinaponyamaza."

"Nimesikiliza miaka thelathini."

"Kwa hayo masikio?"

Walibishana mpaka muuguzi akatishia kumtoa mgeni. Ndipo marehemu akashusha sauti. "Mpiga ngoma hakuwa mvivu," akasema. "Na wewe hukuwa mwongo."

Spana akasema, "Nilikutoa jicho."

"Ulinitoa. Hilo ni lako. La kwangu ni kwamba nilikuita mwongo mbele ya watu, kisha nikakuvunja mkono kwa ajili ya kanda mbovu."

Akaita wanawe wote wawili waingie. Mbele ya muuguzi na mbele yangu aliwaambia kwamba siku ya kumzika, mjomba wao atashika mbele, kushoto. Marehemu alifariki Ijumaa iliyofuata, tarehe 3 Machi 2023, saa moja asubuhi.

Wanawe wanasema zile zilikuwa dawa za maumivu zinaongea. Wanangu, nawaheshimu kwa kumpenda baba yenu. Lakini mtu aliyelewa dawa hawezi kutetea wimbo wa saba kwa sehemu zake, aseme ngoma zinanyamaza wapi, na akubali ameshindwa upande mmoja huku akikataa kuachia wa pili. Mlimjua. Huyo alikuwa yeye kabisa.

Jumatatu, mjomba wenu alipokuja nyumbani kutoa pole, mlimkokota kwa kola mpaka langoni, mkampasulia taa ya pikipiki, na mama yenu alipoingia kati akapigwa kiwiko. Mdomo wake uliovimba mnauona. Hakuna kati yenu aliyekusudia, najua. Hata ile nyundo ilirushwa bila kutazama. Jana mkubwa alinijia akasema, "Shangazi, mimi siwezi kumsamehe." Nikamjibu, na leo narudia mbele ya watu, kwamba hakuna aliyekuomba usamehe. Baba yako hakutumia neno hilo. Alisema ashike mbele, kushoto.

Marehemu ameacha mjane, wana wawili, binti mmoja, wajukuu watatu, dada mmoja, na shemeji mmoja, ambaye alimbishia tangu mwaka 1985 na ambaye mimi namhesabu humu, katika wafiwa.

Wabebaji ni hawa. Mbele kulia, mwana mkubwa. Mbele kushoto, mjomba wake. Nyuma, mwana mdogo na fundi rangi wa gereji. Mkono wa kulia wa mjomba haupandi juu ya kifua, kwa hiyo jeneza hamtaliweka begani. Mtalibeba chini, kwa kadiri ya mkono wake, na ninyi wenye mikono mizima mtashusha upande wenu ili baba yenu aende sawa.

Alale kwa amani, na sauti iwe juu kiasi anachotaka mwenyewe. Shemeji, njoo ushike.